Satelaiti Haikuwa Yetu

Stendi ya Makambako ilifurika abiria siku Kheri alipomwangushia Elina boksi la nyaya mguuni.

"Pole, dada. Umeumia?"

"Nimeumia. Utanibeba mpaka Njombe?"

Kheri akacheka. Alikuwa mtoto wa wenye malori wa palepale Makambako, koti lake lina nembo ya kampuni iliyomwajiri. Elina, aliyevaa sweta zito la bluu, alikuwa binti wa wakulima wa Mjimwema. Kumbe walikuwa wanakwenda kazi moja. Serikali ilijenga kituo cha kupokea picha za satelaiti kwenye kilima kimoja cha Njombe, ikamwajiri Elina. Satelaiti yenyewe ilikuwa mali ya kampuni ya nje, mwajiri wa Kheri.

Wakapendana mwaka mzima.

"Umekula, mpenzi?" Kheri huuliza simuni.

"Bado. Nasubiri unipikie."

Picha zikionyesha baridi kali inakuja, Elina huwapigia wakulima wafunike viazi vya bondeni kwa majani.

Asubuhi moja ya Juni, picha hazikuja. Kampuni ilikuwa imepata mteja mkubwa zaidi na kuvunja mkataba na serikali.

"Ulijua?" Elina aliuliza.

"Tangu Aprili. Nilisaini kwamba sitasema."

"Hata kwangu?"



Wiki ileile baridi ikaunguza viazi vya baba yake Elina, vikawa vyeusi shamba zima. Kwa siku ishirini Elina hakupokea simu ya Kheri. Siku ya ishirini na moja akamkuta bondeni, amevua koti, anang'oa mashina yaliyoungua pamoja na mzee, matope mpaka magotini. Elina akachukua jembe, akaanza mstari wa pili.

"Wananihamishia nje," Kheri alisema walipokutana katikati. "Sema neno moja, naacha kazi."

"Ukiacha, hapa utafanya nini? Nenda kajifunze namna satelaiti zinavyorushwa. Huku hakuna anayejua."

"Nawe?"

"Mimi nimeajiriwa hapa, Kheri."

Akamfuta tope shavuni, mkono ukakawia pale.

Siku hizi Kheri hupiga Jumapili, na maongezi yamekuwa mafupi. Mshahara wa Elina unaingia kila mwezi. Hupanda kilimani, akafuta vumbi kwenye mitambo, akakaa. Wakulima bado humpigia kuuliza kama baridi inakuja.

"Sijui, baba," huwajibu. "Nyie funikeni tu."