Kiboko Ndani ya Kioo

Rafiki yangu Séraphin, mzaliwa wa Bukavu anayeishi Lewisham, London, si mtu wa kutunga uongo. Mwaka 1998 alipelekwa kusafisha jumba la ukoo wa kibwanyenye, nje kidogo ya London. Ukoo ule ulitajirika kwa mashamba ya mpira ya Kongo, na kiboko walichokuwa wakiwachapia watu huko kilihifadhiwa ukumbini, ndani ya kabati la kioo lililofungwa.

Ukumbi ulikuwa giza mchana kweupe, madirisha yamezibwa ili mazulia yasipauke. Séraphin alikuwa anapangusa kile kioo aliposikia mlio kutoka chumba cha pili: chwaa! Mtu akapiga yowe. Chwaa! Sasa yule mtu akalia kwa Kiswahili cha Bukavu, kwao Séraphin: "Bwana, nakufa!"

"Mama Euphrasie, kuna mutu anapigwa!" Séraphin akamwita mwenzake wa usafi.

"Papa Séraphin, tuko wawili tu humu," alijibu Euphrasie kutoka ngazini.

Séraphin akaupiga teke mlango wa chumba kile. Chumba kitupu. Yowe likahamia nyuma yake, ukumbini, likakoroma kama koo lililojaa damu, kisha likakatika.

Alirudi mbio. Kioo kilikuwa na matone mekundu. Akapangusa kwa nguvu zote, lakini kitambaa kikabaki cheupe. Damu ilikuwa upande wa ndani, na ilikuwa bado inachuruzika.