Faharasa Mbili za Halloran

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha kando cha pikipiki, Yamaha. Ya pili haikuja. Bastola ya Mutheu, Ceska, ilikuwa imeshajibu.

Tairi la Pajero lililipuka. Gari likayumba, likazama kwenye mchanga wa mto mkavu, kilomita sita kabla ya Katangi.

Nokia ikatetemeka kifuani.

"Mwiba, ripoti," mkuu wake akasema, akimwita kwa jina lake la kazini.

"Nimemfikia Bartholomew, mkuu."

"Umebaki na dakika ishirini. Wakulima wakiweka vidole gumba kwenye mkataba, mashamba yameenda. Mamako pia yuko hapo."

"Najua mama aliko."

Akakata simu.

Bartholomew alitoka mikono juu, tai ya hariri shingoni. Mzaliwa wa Matuu, hapo jirani, wakili aliyenunuliwa na wageni.

"Dada, si tuongee? Kwanza wewe Kiingereza cha sheria utakijulia wapi?"

"Nilijifundisha na kamusi iliyochanika, nikichunga mbuzi. Wewe ulisomeshwa na harambee yetu, ukarudi kutuuza. Lala chini!"

Akamfunga pingu kwenye usukani. Akafungua mkoba wa wakili.

Faharasa mbili, orodha za maana za maneno, za mkataba mmoja. Ya Kiswahili, waliyogawiwa wakulima: "Konsesheni: ruhusa ya kuchimba visima vya maji." Ya Kiingereza, iliyofichwa, na ndiyo korti ingefuata: ardhi yote na kila kilicho chini yake, miaka tisini na tisa.

Hivyo hivyo babu yake Mutheu alifukuzwa kutoka vilima vya Mua. Wageni walileta neno, maana wakabaki nayo wenyewe. Mutheu hakuwa amesamehe. Hakuwa na haja ya kusamehe.

Saa nne na robo. Dakika ishirini zimeisha. Amechelewa.

Lakini alipofika uwanja wa Katangi, hakuna kidole kilichokuwa kimegusa karatasi. Halloran, bosi wa kampuni ya wageni, alikuwa anapiga meza ngumi.

"Bartholomew alisema watapita mmoja mmoja!"

"Huyo amekaa Nairobi sana," alisema Kamanthe, mwenyekiti wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana mashambani. "Sisi hatuanzi kitu kabla ya majina kuitwa na wote kuitikia. Mutheu wa Nzilani hajaitikia. Keti, mzee, utachoka."

"Niko!"

Mutheu alipanda jukwaani na vumbi lake. Akasoma faharasa ya Kiingereza mstari kwa mstari, akiieleza kwa Kikamba.



Nzilani, mamake, akasimama. Kidole chake kilikuwa tayari cheusi kwa wino.

"Na kaburi la mume wangu? Hilo nalo ni kisima?"

Mkono wa Halloran uliingia ndani ya koti.

Majembe arobaini yakainuka.

Mkono ukatoka mtupu. Mutheu akaufunga pingu, akamnyang'anya bastola. Nzilani akasogea polepole, akapangusa kidole chake kwenye shati jeupe la Halloran hadi kikatakata.

"Mwiba hapa," Mutheu alisema kwenye simu. "Leteni gari. Wako wawili. Mmoja mtamkuta mtoni."

"Hutakunywa hata chai?" mamake akauliza.

"Nitarudi, mama. Wako wengine kama hawa."

Akapiga Yamaha teke, akaondoka. Hakugeuka.