Aliyemwita Mke Wangu kwa Jina Lake

Jumapili, katikati ya mwezi wa saba. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umekataa kuondoka hapa Shume.

Nina miaka thelathini na nane, nimeishia darasa la saba, nalima karoti na kabichi. Wasomaji wenzangu, sijui kama nitaeleza sawasawa. Mtu akisimulia kosa lake hujipendelea... nitajitahidi nisijipendelee.

Mwaka jana tulimzika Rehema, mtoto wetu wa pekee. Homa ya siku tatu tu. Tangu hapo mke wangu akawa kimya. Alipika, alipalilia, lakini maneno hakuna. Muuguzi wa zahanati akamwelekeza kwa mshauri nasaha kule Lushoto mjini, kila Alhamisi. Ruhusa nilitoa mimi mwenyewe, hilo niliseme.

Lakini alikuwa akirudi uso umechangamka kidogo... Saa nzima ameongea na mwanamume mwingine, mimi naambiwa chakula kipo jikoni. Wewe ungevumilia? Nikaanza kuangalia Alhamisi anavaa khanga ipi. Nilinusa hadi mtandio wake.

Siku moja simu yake iliita yeye akiwa ameenda kuchota maji. Nikapokea. Sauti ya kiume, ya taratibu, ikasema: "Mwanaidi, unaendeleaje?"

Mwanaidi! Kwetu mwanamke aliyezaa haitwi hivyo. Mimi mumewe namwita Mama Rehema, mama yangu vilevile, majirani vilevile. Huyu jina hilo kapewa na nani?

Aliporudi nilimvaa mbele ya mama. Mama naye akachochea: "Mwanangu, mke anayepeleka ya chumbani kwa watu, huyo keshatoka."

Mke wangu hakulia. Alisema, "Baba Rehema, nilimwomba mimi aniite hivyo. Kila mkiniita Mama Rehema, namzika upya. Asubuhi, mchana, jioni. Sikujua nikwambieje."

Nilimsikia? Sikumsikia. Nikamwambia kafundishwa la kusema, nikaipiga simu yake kwenye jiwe. Kesho yake akaenda kwao Mgwashi.

Nikamfuata yule mshauri nikamtukane. Kumbe ni mzee wa mvi, mkono wa miwani umefungwa uzi. Shikamoo ikanitoka kabla ya tusi. Akaitikia, akanipa kiti. Aliyoambiwa na mke wangu alikataa kuyatoa. Akasema wanandoa wa siku hizi wanapekuliana simu, maumivu hawaulizani. Kisha akauliza, "Wewe mtoto umemlilia kwa nani?"

Hapo ndipo nilipoujua wivu wangu... Nilimwonea mke wangu wivu kwa kupata pa kulilia, mimi sina.

Leo nimekwenda Mgwashi. Nimesimama mlangoni, nikamwita Mwanaidi. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mgeni. Akaniangalia sana.

"Umelijua leo?" akasema. "Na mimi wewe nikuite nani sasa?"

Hakusema atarudi, hakusema harudi. Namwelewa.

Ndugu zangu, mwenzako akipata wa kumsikiliza, usikimbilie kumtafutia hawara. Jiulize kwanza kwa nini hakukwambia wewe. Mimi nilijiuliza nikiwa nimeshavunja.

Jioni hii mama kapika ugali na mboga chungu ya mchunga. Tumekula wawili, na sufuria limebaki nusu.