Mvua Iliyobeba Shamba

Mukandutiye alilima viazi Bugeshi, kwenye mteremko chini ya volkeno. Kila asubuhi yeye na mumewe Donat walipanda mlima, majembe begani. Zamani shamba lile liliwalisha, na viazi vya kuuza mjini Gisenyi vikabaki. Sasa viazi vilikuwa vidogo kama mayai ya njiwa.

"Mbegu iko mubaya," alisema Mukandutiye.

"Hapana, ni Wenceslas," alisema Donat. "Shamba yake iko chini yetu, na viazi yake inanenepa. Ule mutu anatuloga."

Wakaacha kumsalimia jirani yao.

Msimu wa mvua akaja Cyuzuzo, mtafiti wa mashamba, binti aliyekulia Tanzania. Aliomba kuchimba shimo mwisho wa shamba lao. Akatandika turubai ndani.

"Ya nini?" aliuliza Donat.

"Nataka tuone mvua inachukua nini hapa, Baba."

Mvua kubwa ikanyesha. Ilipokatika, wakaenda kuangalia. Mukandutiye alichungulia shimoni. Shimo lilikuwa limejaa udongo mweusi mpaka juu. Ndani yake aliona samadi aliyoibeba kichwani, na mbegu alizopanda kwa mkono wake.

"Hii ni shamba yangu," alinong'ona.

"Na ni mvua moja tu, Mama," alisema Cyuzuzo. "Matuta yenu yanafuata mteremko, kwa hiyo maji yanapata njia ya kukimbia. Yalazeni matuta, yakate mteremko. Chimbeni mitaro ya kuzuia maji. Kingoni pandeni majani ya ng'ombe, mizizi ishike udongo."

Donat alilitazama shamba la Wenceslas, lililonona kwa udongo wao. Uso ukamshuka. Akaenda kumwita.

"Mi nilikusema vibaya bure," alimwambia. "Kuja uone."

Wenceslas aliangalia shimo, akashika kichwa. "Na udongo yangu inaenda wapi?"

Cyuzuzo alionyesha kijito bondeni. Maji yalikuwa meusi.

Wakachimba mitaro pamoja, wakianzia shamba la juu. Wakapanda majani, wakalaza matuta. Mvua zikaja, udongo ukakaa. Ng'ombe wa Wenceslas wakala majani, samadi wakagawana.

Siku ya kuvuna, Mukandutiye alifukua kiazi, kikajaa kiganja. Akafukua cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza. Akamwita Donat kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuviamsha.