Barafu ya Ubuyu na Kifundo cha Chausiku

Kila asubuhi, mbele ya nyumba ya Zubeda kule Chanika, watoto wa shule hupanga foleni. Wanafuata barafu za ubuyu. Zubeda huupika ubuyu jioni, huutia kwenye vifuko vyembamba, akavifunga na kuvilaza kwenye friji. Asubuhi husema "Bismillahi" na kufungua mlango wa friji.

"Mama Chausiku, mie nataka nyekundu!"

"Zote nyekundu, mwanangu. Ubuyu wa bluu uliuona wapi?"

Zubeda ana kazi nyingine mtaani. Yeye ndiye anayekanda wazazi. Mwanamke akijifungua, Zubeda huitwa, naye huenda na kanga yake na sufuria ya maji ya moto. Watu husema, "Mikono ya Zubeda ina baraka." Naye hujibu, "Baraka ni za Mungu. Mie nina maji ya moto tu."

Mumewe, Mwishehe, ni fundi pikipiki. Jioni akinawa oili mikononi, anakuwa meneja wa Mabinti wa Magengeni, timu ya mpira ya wasichana wa mtaa. Na nyota wa timu hiyo ni binti yao, Chausiku. Ana miaka kumi na tano, yuko kidato cha pili. Mguu wake wa kushoto ukigusa mpira, hata wauza mihogo huacha mihogo iungue.

Siku moja simu ya Mwishehe iliita akiwa chini ya pikipiki ya mteja.

"Baba Chausiku? Mimi ni Kocha Lusungu, wa timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka kumi na saba. Nilimwona binti yako kwenye mashindano ya shule. Namwita kwenye majaribio."

Spana ilimponyoka Mwishehe.

"Taifa? Chausiku wangu? Timu ya taifa!"

"Ndiyo, mzee. Majaribio ni Jumatatu, wiki mbili zijazo. Sasa nisikilize. Apumzike, ale vizuri, asicheze mechi za mitaani."

Lakini Mwishehe alikuwa ameshaanza kupiga kelele. Maneno ya mwanzo aliyasikia. Ya mwisho yalimezwa na furaha yake mwenyewe. Aliokota spana, akakimbia nayo nyumbani. Vigelegele vikapigwa mpaka nyumba ya tatu. Zubeda akaanguka sijida papo hapo jikoni kumshukuru Mungu. Chausiku yeye alicheka, akalia, akacheka tena.

Jumamosi ile kulikuwa na nusu fainali ya Kombe la Mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa kando ya uwanja, anakula majani, hajui kuwa yeye ndiye kombe.

"Baba Chausiku," Zubeda alisema, "mtoto kaitwa na taifa. Kwa nini asipumzike?"

"Mechi moja tu, mke wangu. Mtaa mzima unamsubiri. Tukimficha watasema tumeshaanza maringo."

"Mama, mguu unawasha," Chausiku alisema huku akifunga viatu. "Acha nicheze!"

Alicheza. Alifunga bao ambalo watu walilisimulia wiki nzima. Kisha, mpira ukiwa unakaribia kwisha, alikanyaga kishimo. Kifundo cha mguu kikapinda. Akaanguka na kushika mguu. Mabinti wa Magengeni waliingia fainali, lakini mfungaji wao alirudi nyumbani amebebwa mgongoni.

Kifundo kilivimba kama andazi. Zubeda hakupoteza muda. Alichochea mkaa, akabandika maji, akatia chumvi. Alichovya kanga, akaikamua, akaikandamiza kwenye kifundo na kuanza kuchua kwa vidole gumba.

"Mama! Mama, unaniua!"

"Vumilia. Damu imevilia humo. Lazima itawanyike."

Asubuhi andazi lilikuwa limegeuka papai changa. Ngozi imevuta, inang'aa. Zubeda akabandika tena maji. Wakati huo huo sauti ikasikika mlangoni.

"Hodi! Nimefuata ubuyu wangu kabla watoto hawajaumaliza."

"Karibu, Dada Koku."

Aliyeingia ni jirani yao Kokuberwa. Ni Mhaya wa Bukoba, mwaka wa tano sasa anaishi Chanika. Kazi yake ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Anawafundisha kutembea tena watu waliovunjika na waliopooza.

"Shikamoo, Ma Koku," Chausiku alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe kelele za jana zilikuwa zako?" Kokuberwa aliinama, akatazama mguu. Kisha akatazama jiko. "Mama Chausiku, hiyo sufuria ni ya nini?"

"Ya kumkanda. Jana nilikanda, leo naongeza."

"Tafadhali, iepue kwanza."

Zubeda alinyanyua uso. "Dada Koku, mikono hii ilikukanda hata wewe ulipojifungua."

"Najua, na mpaka leo nakushukuru. Lakini mzazi si kifundo kilichoteguka jana."

Mwishehe aliweka kikombe cha chai chini. "Tofauti ni nini? Sie enzi zetu tulikandwa hivi hivi."

"Na wewe baba, mguu wako si ndio huo unaouvuta mvua ikinyesha?"

Chausiku alisahau maumivu, akacheka. Mwishehe akauficha mguu chini ya kigoda.

"Sikilizeni," Kokuberwa alisema. "Ndani ya kifundo kuna kano. Ni kama kamba zinazoshika mfupa na mfupa mwenzake. Mguu ukipinda, kamba zinavutika, nyingine zinachanika. Vijishipa vidogo vya damu navyo vinapasuka. Sasa ukiweka moto, damu inakuja zaidi. Ukichua, unazidi kuchana. Bomba limepasuka ndani ya nyumba, nyie mnafungulia koki."

Zubeda aliutazama mguu wa mwanawe. Akaepua sufuria.

"Basi kinatakiwa nini?" aliuliza.

"Baridi. Barafu."

"Barafu tutaipata wapi saa hizi?"

Kokuberwa alicheka mpaka akashika mlango. "Mama Chausiku! Foleni yote ile ya watoto huwa inafuata nini kwako?"

Zubeda alijipiga paji la uso. "Astaghfirullah! Friji limejaa, mie nachochea mkaa!"

Walitoa barafu za ubuyu, wakazizungushia kanga. "Usiiweke barafu tupu kwenye ngozi," Kokuberwa alieleza. "Nayo huunguza. Weka dakika kama kumi na tano, ondoa. Baada ya saa mbili hivi, rudia. Fanya hivyo leo na kesho. Mguu uupandishe juu ya mito. Funga bandeji, lakini isibane mpaka vidole vife ganzi."

"Mama," Chausiku aliita, "ikianza kuyeyuka naweza kuila?"

"Ya mguuni? Ishia huko huko!"

Kisha Kokuberwa alibonyeza mfupa taratibu, huku na huku. Akamwomba Chausiku ajaribu kutembea hatua chache. Alichechemea, lakini alikanyaga.

"Alhamdulillahi," Zubeda alisema.

"Kweli. Angeshindwa kukanyaga, au ningebonyeza mfupa akaruka, au mguu ungekuwa umepinda, tungekwenda hospitali sasa hivi kupiga picha. Hapo barafu na dua peke yake havitoshi."

"Majaribio je?" Chausiku aliuliza. Macho yalikuwa yamejaa machozi. "Nitacheza?"

"Mguu ndio utakaojibu. Kalenda haijui kitu. Uvimbe ukishuka, tunaanza mazoezi. Na sindano ya ganzi usikubali hata ukiletewa na nani. Maumivu ni mlinzi. Ukimlaza mlinzi, mwizi ataingia vizuri zaidi."

Siku zile nyumba ya Zubeda ilikuwa uwanja mdogo wa mazoezi. Uvimbe ulishuka. Chausiku alichora herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Akapiga mswaki amesimama kwa mguu mmoja, ule mbovu, huku akiyumba kama mnazi. Mwishehe naye alijaribu kando yake, akaanguka kwenye beseni la vyombo.

Wiki ya pili wachezaji wa Magengeni walimfuata Mwishehe kwenye gereji yake. Mbele alikuwa nahodha wao, Hamida, msichana mwenye sauti ya kuuza samaki.

"Meneja, fainali kesho. Dakika ishirini tu. Apigwe ganzi, afunge, atoke. Mbuzi huyo pale!"

Mwishehe alipangusa mikono muda mrefu. Alimpenda yule mbuzi. Timu ilikuwa yake, lakini nusu fainali yeye ndiye aliyemwacha Chausiku acheze.

"Chausiku hachezi."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi aende."

"Loo! Taifa limeshawapanda kichwani!" Hamida alisema. "Kaeni naye basi, mfuge mguu!"

Magengeni walifungwa bao moja. Wapinzani walimpitisha mbuzi mbele ya nyumba ya Zubeda kwa ngoma. Asubuhi foleni ya ubuyu ilikuwa fupi. Zubeda alisali, akaendelea kufunga vifuko.

Jumatatu ikafika. Chausiku alikuwa anakimbia sawasawa, lakini akigeuka ghafla, kifundo kinamshtua. Langoni mwa uwanja wa majaribio Mwishehe alimvuta kando.

"Mwanangu, usimwambie kocha. Ukisema tu, umekatwa."

Zubeda akaingia kati. "Baba Chausiku, mficha maradhi kifo humuumbua. Simu ya kwanza ulipiga kelele, hukumsikiliza kocha. Leo tusimdanganye. Riziki ya mtoto anayo Mungu."

Wasichana walikuwa wengi, wamejipanga na viatu vyao. Chausiku alimwendea Kocha Lusungu.

"Kocha, shikamoo. Niliteguka kifundo. Kwenye mechi ya mtaani. Nikigeuka haraka bado kinauma."

Kocha alimtazama. Alikuwa mwanamama mfupi, filimbi shingoni. Mwishehe, pale kwenye uzio, aliziba macho.

"Mechi ya mtaani," kocha alirudia. "Nilisemaje?"

Mwishehe aliondoa viganja usoni, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Kocha, kosa langu mie! Mtoto hana hatia!"

Wasichana wakacheka. Kocha akageuka kwa wote.

"Nani mwingine anaumwa na amenyamaza?"

Wasichana wakatazamana. Kisha mkono mmoja ukanyanyuka nyuma. Ukafuata wa pili. Wa tatu akajitokeza analia.

"Mnaona?" kocha alisema. "Vipaji nchi hii vipo tele. Vinanifikia vimechoka. Jumamosi ndondo za mtaani, Jumapili bonanza, Jumatatu mnakuja kwangu mmefunga maumivu ndani ya soksi. Nikikuchagua hivyo, nitakupoteza kabisa. Wewe Chausiku, umenisaidia kazi. Daktari wetu atakuangalia. Tuna majaribio ya pili mwezi ujao. Rudi na mguu mzima."

Alirudi nyumbani. Mwezi ule mzima Kokuberwa alimrusharusha, akamzungusha, akamkimbiza zigizaga kati ya ndoo za Zubeda. Mchana analala. Usiku anakula maharage, dagaa na mchicha mpaka sahani inang'aa. Bonanza hakukanyaga.

Siku ya majaribio ya pili aliomba mpira, akamgeuza beki kushoto, akamgeuza kulia, akaachia shuti. Wavu ukacheka. Mwishehe aliurukia uzio, akasahau kabisa kuwa mguu wake mmoja ni mbovu.

Jioni simu iliita. Safari hii Mwishehe hakupiga kelele. Aliziba sikio la pili kwa kidole na kusikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha ndipo akapiga kelele, na Chanika nzima ikajua kuwa Chausiku yupo timu ya taifa. Hamida alikuwa wa kwanza kufika, amebeba vuvuzela. "Huyo ni nyota wetu sie!" alisema, kana kwamba hakuwahi kusema jingine.

Chausiku akaenda kambini. Kombe la Mbuzi likaanza upya. Mechi ya kwanza tu, Hamida alikanyaga vibaya, akaanguka anapiga mayowe. Watu walimzunguka.

"Maji ya moto! Mwiteni Mama Chausiku amkande!"

Zubeda alikuwa ameshaingia uwanjani. Mkononi hakuwa na sufuria. Alikuwa na barafu za ubuyu zilizofungwa kwenye kanga.

"Mtu asimchue!" alisema. "Mpandisheni mguu."

Akaweka baridi kwenye kifundo. Hamida akashusha pumzi.

"Mama Chausiku," alinong'ona, "moja niipate mdomoni."

"Vua soksi kwanza," alisema Zubeda, "tuone umeficha maumivu gani humo."