Biti ya Zege kwa Mzee Zablon

Edina alimwekea baba yake uji wa uwele. Ulikuwa mzito, umetiwa ukwaju, kama mzee alivyoupenda tangu zamani. Mzee Zablon alipiga mafunda mawili, kisha akakirudisha kikombe mezani.

"Nimeshiba," alisema.

"Baba, hujanywa kitu!"

"Nimeshiba, mwanangu. Asante."

Edina alijua kwamba hajashiba. Mtu aliyefua majembe maisha yake yote hashibi kwa mafunda mawili. Baba yake alikuwa anaogopa choo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mzee Zablon alikuwa mfua vyuma huko Kibakwe, kwenye milima ya Mpwapwa. Mkewe alikwisha kufariki. Siku moja kiharusi kilimwangusha kando ya mvukuto wake, ubavu wa kushoto ukafa ganzi. Edina na mumewe, Geofrey, wakamleta Dodoma mjini, kwenye kota ya serikali walimokaa. Daktari aliwapa moyo.

"Mguu utarudi," alisema. "Lakini autembeze kila siku, na awe na kitu imara cha kushika."

Mkono wa kulia ulikuwa mzima, una nguvu zote za nyundo. Taabu ilikuwa hicho kitu cha kushika. Kutoka chumbani mpaka chooni palikuwa na korido ndefu, kuta tupu pande zote mbili. Nani amshike mzee? Edina ni binti yake. Geofrey ni mkwe. Na mkwe kumshika mkwewe mkono mpaka msalani, hilo kwao halijapata kutokea, na mzee hakutaka lianze kwake. Kwa hiyo alimsubiri Mzee Halfani, mlinzi wa kota, aje asubuhi na jioni. Katikati ya hapo alijizuia. Aliacha chai. Akaacha maji. Sasa alikuwa anaacha na uji, na mashavu yake yalianza kubonyea.

Jioni alikaa dirishani akiangalia vumbi la Dodoma likizunguka uwanjani.

"Saa hizi kwetu ukungu unashuka mlimani," alisema. "Watu wanaleta majembe yao. Wanakuta mlango umefungwa."

Moyo wa Edina ulivutwa huku na huku. Aliondoka nyumbani akiwa msichana mdogo, akaenda kusoma bweni, kisha kazini, kisha akaolewa. Miaka yote hiyo yeye na baba yake walionana wakati wa likizo tu. Sasa, hatimaye, alikuwa naye chini ya paa moja. Alimtaka apone. Alimtaka pia abaki.

"Tufunge bomba ukutani," Geofrey alisema. "Lianzie mlangoni kwake, liishie chooni. Atalishika, atakwenda mwenyewe."

Alinunua bomba la chuma na vishikio vyake. Kwa Thobias seremala aliazima drili ya umeme. Ilibaki biti, yaani kile chuma chembamba kinachochomekwa kwenye drili ili kitoboe.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Zamani kidogo duka lilikuwa na chumvi na viberiti, pamoja na foleni ndefu ya kuvipata. Sasa maduka yalikuwa yamefurika. Vitu vilitoka kila pembe ya dunia, vinameta, vimefungwa kwenye plastiki. Watu walikuwa wamezoea kuuliza, "Kipo?" Hawakuwa wamezoea kuuliza, "Kinafaa?" Geofrey naye alikuwa mmoja wao. Aliona kiboksi cha biti zenye rangi ya dhahabu, akasema hizi ndizo zenyewe.

Nyumba ile ilikuwa imejengwa kwa zege la kumwagwa. Geofrey alibonyeza drili. Ikalia mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Moshi ukatoka. Alipoitoa biti, ncha ilikuwa nyekundu, na ukutani palikuwa na kishimo kisichotosha hata punje ya karanga.

"Umeiacha laini!" Mzee Zablon aliita kutoka kitini. Macho yake yaling'aa kwa mara ya kwanza tangu aletwe mjini. "Chuma kikiwa chekundu, kizamishe majini. Ndivyo kinavyopata ugumu. Majembe yangu yote yalipita majini."

Nani abishane na mfua vyuma kuhusu chuma? Geofrey alileta ndoo, akaizamisha biti. Chwaaa! Akatoboa tena, akazamisha tena. Biti ikawa butu kama kidole gumba.

Kesho yake alirudi dukani kulalamika. Muuzaji alicheka, akampa nyingine, nyembamba na ndefu.

"Hii ni ya zege," alisema.

Ni kweli, ilikuwa ya zege. Ilianza vizuri, vumbi jeupe likamwagika. Kisha ikapata moto, na Geofrey, mkwe mtiifu, akaizamisha majini. Alipoirudisha ukutani ilisugua tu. Ncha yake ilikuwa imebanduka.

Mzee Zablon aliitazama ile biti isiyo na ncha. Uso wake ukasawijika.

"Basi," alisema. "Nitafutieni gari la Kibakwe. Kama ni kukaa nimefungwa, nikae kwangu."

"Kule utakaa na nani, Baba?" Edina aliuliza.

"Na mlango wangu."

Edina aliingia jikoni akalia. Baba yake hakuwa amepona, wala hakuwa na mtu wa kumtazama kule. Kumrudisha katika hali ile ilikuwa kumrudisha akafe.

"Hodi humu!"

Alikuwa Mwantum, jirani wa kota ya pili. Mwantum ni mtu wa Kondoa, fundi wa simu. Kazi yake ilikuwa kupitisha nyaya kwenye kuta za ofisi.

"Karibu, dada," Edina alisema, akijifuta macho kwa khanga.

"Nimekuja kuuliza mnamchinja nani," Mwantum alisema. "Tangu juzi nasikia kilio." Kisha akamwona mzee, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa."

"Mbukwa," Mwantum alijibu huku akicheka. "Salamu ya Kigogo naiweza. Zaidi ya hapo msiniulize."

Geofrey alimwonyesha biti zote. Mwantum akazigeuzageuza mkononi.

"Hizi za dhahabu ni za kutobolea chuma," alisema. "Rangi haitoboi, shemeji. Zege lina mchanga na kokoto ndani yake. Linaila ncha ya namna hii mpaka inakwisha. Hii ya pili ilikuwa ya zege kweli, ila mmeiua."

"Tumeiua vipi?"

"Kwa maji."

Kila mtu alimwangalia mzee, na kila mtu akajifanya hamwangalii.

"Hayo maji ni mimi," Mzee Zablon alisema. "Chuma gani hicho kinachoogopa maji?"

Mwantum hakucheka. Alivuta kigoda akaketi karibu naye. Akatoa biti yake mwenyewe kwenye mkoba wa kazi.

"Baba, jembe ni chuma kimoja, mwili na makali. Ndiyo maana ukilizamisha linakuwa gumu. Sasa tazama hii. Mwili ni chuma cha kawaida. Hapa mwishoni pamechongwa mfereji, kikapachikwa kipande kidogo cha kitu kingine, kigumu kuliko chuma. Hicho ndicho kinachovunja zege. Kimeunganishwa na mwili kwa shaba iliyoyeyushwa."

Mzee aliisogeza biti karibu na jicho. Akapitisha ukucha kwenye ncha, polepole.

"Kumbe kichwa si cha mwili huu," alisema.

"Sicho. Na kichwa hicho ni kigumu, lakini ni rahisi kupasuka."

"Kama chungu," mzee alisema. "Ukikitoa motoni ukakitia maji baridi, kinapasuka."

"Hapo hapo, baba! Na biti yenyewe ikipata moto mno..."

"Shaba inalegea," mzee alimalizia. Alitikisa kichwa, karibu acheke. "Basi dawa yake si maji. Dawa ni kutoiacha iwe nyekundu."

"Umenipokonya kazi yangu," Mwantum alisema.

Edina alipiga magoti mbele ya kiti. "Baba, nipe mpaka Jumapili. Bomba likishindikana, gari nitakutafutia mimi mwenyewe."

Mzee alifikiri. "Mpaka Jumapili," alikubali.

Edina na Mwantum walikwenda dukani kwa Masudi, karibu na soko.

"Zungumza wewe," Mwantum alimwambia.

"Kaka Masudi, naomba biti za zege, milimita nane," Edina alisema. "Plagi zetu za plastiki, zile za kushikia skrubu tunduni, ni za nane. Zitabeba uzito wa mtu."

"Umesema vizuri," Mwantum alisema. "Plagi na biti ziwe namba moja. Biti ikizidi, plagi inalegea, skrubu haishiki."

Masudi alimwaga biti kwenye kioo cha meza.

"Angalia kichwa kwanza," Mwantum alisema. "Kiwe kipana kuliko mwili. Kitokeze sawasawa kulia na kushoto. Kama hakitokezi, biti itakwama ndani ya tundu."

Edina alitenga moja iliyokuwa imeegemea upande.

"Sasa tazama ile shaba. Imejaa kote?"

"Hii ina mwanya."

"Iache. Hiyo ndiyo inayobanduka kichwa kabla ya kazi kwisha. Zilizobaki zibingirishe juu ya kioo."

Edina alizibingirisha. Moja ilirukaruka.

"Imepinda," alisema mwenyewe.

"Biti nyembamba iliyopinda inavunjika haraka. Na usichukue ndefu bila sababu. Tundu letu halizidi kidole. Fupi ina nguvu zaidi."

"Na mkia?"

"Wetu uwe wa mviringo, ndio unaoingia kwenye drili ya Thobias. Kuna drili zinazotaka mkia wenye mifereji. Ukichanganya, haishiki."

Masudi alishika kiuno. "Jamani, hata mchumba hachunguzwi hivi!"

"Ndiyo maana ndoa zinavunjika," Mwantum alimjibu.

Walinunua biti mbili. Ya pili ilikuwa ya akiba.

Nyumbani Edina alisema, "Nitatoboa mimi." Geofrey alimpa drili bila ubishi. Alikuwa amechoka kushindwa.

Mwantum alimvalisha miwani ya kazi, akamwambia avue khanga isije ikanaswa. Kisha akaonyesha kitufe kidogo juu ya drili, chenye picha ya nyundo.

"Geuza hapa. Seremala hahitaji nyundo, ndiyo maana ilikuwa imezimwa. Lakini zege halikatwi, linapondwa. Bila nyundo utasugua tu mpaka moshi utoke. Anza polepole. Usikandamize kwa kifua. Kila baada ya kitambo itoe, vumbi litoke, ipoe kwa hewa. Ikigoma na kulia, umegonga nondo. Usishindane nayo, sogeza tundu."

"Na mimi?" Mzee Zablon aliuliza.

"Wewe, baba, una masikio ya kazi. Sikiliza. Ukisikia sauti imebadilika, sema."

Edina alianza. Drili ilitetemeka mikononi mwake, vumbi likamwagika sakafuni. Nyuma yake alisikia sauti ya baba yake, nzito, ya karakana, sauti aliyolala akiisikia utotoni.

"Toa! ... Haya, rudisha. ... Toa, inapata moto!"

Edina alitoa, akarudisha, akatoa. Alikuwa amesahau jinsi alivyoipenda sauti ile. Alitamani korido ingekuwa ndefu mpaka Kibakwe, ili waendelee hivyo hivyo, yeye akitoboa na baba yake akimfokea. Lakini korido ina mwisho. Kishikio cha mwisho kilikaa kando ya mlango wa choo. Geofrey alikaza skrubu, kisha akaning'inia kwenye bomba kwa uzito wake wote. Halikutikisika.

Jumapili asubuhi Mzee Zablon alisimama mlangoni kwake. Alilishika bomba kwa mkono wa kulia. Akavuta mguu, akapumzika, akavuta tena. Edina alijifanya anakunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Mlango wa choo ulifunguliwa. Ukafungwa kwa ndani. Geofrey alimtazama mkewe.

Mzee aliporudi aliomba chai, tena kikombe kikubwa.

Hakusema tena habari ya gari. Kila siku alikwenda na kurudi kwenye korido, mara nyingi hata pasipo na haja. Mashavu yalijaa. Majirani walikuja kuona bomba, wakaazima biti, wakafunga mapazia na rafu zao. Kila aliyeazima alipewa na masharti: nyundo iwashwe, vumbi litolewe, maji marufuku. Biti ile aliyotobolea Edina ilipita kuta nyingi za kota, na ile ya akiba ilikuwa bado kwenye plastiki yake.

Mvua zilipoanza, mzee alikuwa ameliacha bomba. Alitembea kwa fimbo mpaka getini kwa Mzee Halfani. Jioni moja alirudi, akaketi, akamtazama binti yake kwa muda mrefu.

"Nimepona, mwanangu," alisema. "Watu wanataka majembe ya kupalilia. Sasa niruhusu nirudi."

Edina aliuma mdomo. Kwa dakika moja, dakika ya aibu, alitamani lile bomba lingelegea siku ile ya kwanza. Alitamani zege lingeshinda. Angekuwa naye bado, amekaa dirishani, anamhitaji. Kisha akaiona mikono ya baba yake juu ya fimbo, inavyoshikashika, inavyotafuta kazi.

"Nitakukatia tiketi, Baba," alisema.

Stendi ilikuwa na tope. Ngazi ya basi ilikuwa juu, na utingo alinyoosha mkono amsaidie mzee. Mzee Zablon akautikisia kichwa. Alishika bomba la mlangoni kwa mkono wake wa kulia. Edina alisimama hatua moja nyuma yake, amefumbata mikono kifuani kwa nguvu, ili isije ikaenda kumshika. Baba yake alivuta mguu wa kushoto, akaupandisha, akapanda mwenyewe.