Mwanangu Kibandani, Baba Yake Mezani

Baiskeli ya mume wangu ilikuwa imeegemea ukuta wa nyumba ya Mieke.

Jumanne. Saa sita mchana. Saa ambayo Stelios aliniambia yuko kikaoni na simu ameizima...

Jamani, Eindhoven ina baiskeli nyingi kuliko watu, lakini ile naijua. Kiti cha mtoto mbele, kengele iliyovunjika, na utepe mwekundu nilioufunga mwenyewe kukinga husuda.

Mieke ndiye anayemlea mwanangu Jumanne na Ijumaa, nyumbani kwake, pamoja na watoto wengine watatu. Siku hiyo mwalimu wangu wa Kiholanzi aliugua, darasa likafutwa, nikasema nikamchukue mtoto mapema nimfanyie mshtukizo.

Aliyeshtuka ni mimi.

Nikapitia uani kama kawaida. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu ya asubuhi. Kwenye kona kuna kibanda cha mbao chenye wavu, ambacho siku zote nilijua ni cha sungura. Sungura mwenyewe sikuwahi kumwona, lakini nani anauliza mambo ya sungura?

Nyuma ya wavu nikaona kofia ya bluu.

Kofia aliyoifuma mama yangu.

Wadau... ndani ya kile kibanda alikuwemo mwanangu Lefteris. Miezi tisa. Mwezi wa kwanza, barafu chini, komeo limefungwa kwa nje, pua nyekundu, macho yamefumba, hajitikisi.

Nilikufa nimesimama.

Nikalivuta lile komeo. Nikamnyakua. Akafumbua macho, akaniangalia kama mtu aliyekatishwa ndoto nzuri, akaanza kulia. Mwili wake ulikuwa wa moto ndani ya ule mfuko mzito wa sufu, lakini hilo nilikuja kulikumbuka baadaye.

Nikainua macho. Watu wa huku hawaweki mapazia, kila kitu kiko wazi.

Stelios wangu ameketi jikoni, kwenye kiti kile cha pembeni ninachokijua vizuri. Kichwa kainamisha. Mkono wa Mieke uko begani kwake. Na katikati ya meza kuna kopo la biskuti.

Liko wazi!

Mlioishi huku najua mmeshika kifua. Kwa wengine niseme tu kwamba huku mgeni hupewa kahawa na biskuti moja, kisha kopo linafungwa mbele ya macho yake. Likiachwa wazi, ujue huyo si mgeni tena.

Msianze kuniambia Mieke ana miaka hamsini na kitu, nywele za mvi na mabega ya mpiga kasia. Wivu hauulizi umri.

Nikagonga kioo kwa ngumi. Stelios akaruka kama ameungua. Mieke akaja kufungua mlango taratibu, kama anamfungulia mtu wa posta.

"Umemwamsha," akasema. "Ndiyo kwanza alikuwa amelala."

Yaani kamfungia mwanangu kwenye barafu, kamshika mume wangu bega, halafu mkosaji ni mimi.

Nilimtukana kwa Kigiriki, nikamtukana kwa Kiingereza, na yale maneno mawili mabaya ya Kiholanzi niliyokuwa nayo nikayatumia yote. Majirani wa nyumba ya pili walisimamisha baiskeli kusikiliza. Kisha nikamgeukia mume wangu.

"Ulijua analala nje?"

Akamtazama Mieke.

"Tangu siku ya kwanza," Mieke akamjibia. "Nilimuuliza, akakubali. Wote hapa hulala nje, kile ni kitanda cha watoto. Hulala vizuri."

"Na wewe mchana huu unafanya nini hapa?" nikamuuliza Stelios.

Mume wangu akaangalia viatu vyake.

Nikaondoka na mwanangu. Kofia ikaanguka njiani, sikurudi kuiokota.

Jioni alipokuja nilikuwa nimeshamwekea mto na blanketi kwenye kochi.

"Si unavyofikiria, Despina."

"Basi niambie nifikirie nini."

"Siwezi."

Mwanamume wa kusema siwezi, mwacheni. Nikafunga mlango.

Sasa niwaambie maisha yangu yalivyokuwa, mnielewe.

Tunakaa ghorofa ya tatu. Mvua, ngazi, mtoto, gari la mtoto, mvua tena. Majirani wanakusalimia kwa kidevu. Kwenye bembea nilimpata mama mmoja mwenye tabasamu, nikajitia ujasiri nikamkaribisha kahawa. Akatoa simu, akapekua kalenda, akaniuliza kama wiki ya tatu ya Machi itanifaa. Ilikuwa Novemba! Nikasema inanifaa sana, nikaenda zangu nyumbani kulia bafuni. Nilikuwa na siku ambazo neno la kwanza nililolitoa kwa mtu mzima lilikuwa "asante" kwa muuza mkate, na la pili nilimsubiria Stelios jioni.

Naye akirudi huniuliza siku ilikuwaje. Namwambia nilikuwa na Saskia. Saskia kapita, tukanywa kahawa. Saskia ana mapacha, anacheka mpaka anashika ukuta. Stelios hufurahi, hula kwa amani.

Mtaniuliza mbona sikumkimbilia Saskia siku ile. Subirini.

Mtoto sasa nikabaki naye mwenyewe, na mtoto akagoma kulala. Madirisha nimefunga, joto nimepandisha, mablanketi mawili. Analia tu. Mimi namwimbia, naye analia, mwishowe tunalia wote.

Siku ya tatu nikampigia mama yangu, kijijini kwetu karibu na Kalamata. Huyu ni mwanamke anayenipigia kila siku kuuliza kama mtoto amevaa fulana ya ndani. Nikajua leo moto utawaka, pengine atapanda ndege aje amnyonge Mieke kwa mikono yake.

Nikamweleza yote ya kibanda.

"Mama, upo?"

"Nipo. Kina paa hicho kibanda?"

"Kina."

"Basi ni kizuri kuliko chako."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Ulizaliwa Oktoba," akasema. "Novemba zeituni hazimngoji mzazi. Nilikufunga kwenye shuka, nikakutundika kwenye tawi, nikashika fimbo nikaenda kuangua. Upepo ndio ulikuwa unakubembeleza. Ulilala mpaka nikawa nakuja kukupapasa nione kama unapumua."

"Na kelele zote za soksi na fulana?"

"Niko mbali, binti yangu. Ulitaka nifanye nini kingine?"

"Hukuogopa?"

"Niogope nini? Shangazi zako mti wa pili, bibi yako mti wa tatu. Ukilia, aliye karibu anakunyanyua." Akavuta pumzi. "Na wewe huko, ukilia, nani anakunyanyua?"

Nilimwambia chungu kinaungua, nikakata simu. Jikoni hakukuwa na chungu.

Nikamvalisha mtoto, nikamfunika vizuri, nikamtoa kwenye roshani ndani ya gari lake. Akatazama mawingu, akapiga miayo, akalala. Hivyo tu. Nikakaa chini kando ya mlango wa kioo nikimlinda. Nyumba ilikuwa kimya kabisa, nasikia friji tu. Niliogopa kile kimya kuliko nilivyoogopa barafu.

Jumamosi kengele ikalia.

Stelios akafungua. Alikuwa Mieke, amelowa, kofia ya bluu mkononi, kopo la biskuti kwapani. Hakuwa na miadi! Kwa watu wa huku, hiyo ni kama kuingia na shoka.

"Sikai," akasema. "Nimekuja bila kuulizwa, kwa hilo samahani. Kwa mengine sina samahani."

Akaingia hadi mezani, maji yakimdondoka.

"Wewe," akamwonyesha Stelios kidole, "unakuja Jumanne mchana, unamwangalia mwanao dirishani alivyolala, unakaa kwenye kile kiti, unalia. Unaniambia nisimwambie mkeo."

Kidole kikahamia kwangu.

"Na wewe unakuja Ijumaa kumchukua mtoto, unakaa kwenye kiti kile kile, unalia. Unaniambia nisimwambie mumeo. Nimenyamaza tangu Septemba, nimechoka. Mimi nalea watoto, na wanne wananitosha. Lieni kwenu."

...

Ndiyo wadau, hilo niliwaficha. Kile kiti nakijua kwa sababu ni changu. Lile kopo wazi liliniuma kwa sababu nilidhani Mieke huliacha wazi kwa ajili yangu peke yangu. Sikuwa na uhakika siku ile ninaibiwa mume au ninaibiwa mtu pekee aliyenishika bega mwaka mzima.

Mieke akaweka kopo mezani, akalifungua, akaondoka. Kifuniko akaenda nacho.

Tukakaa, kopo katikati yetu.

Stelios ndiye aliyeanza. Akaniambia kazini wanakula mkate na jibini kwa haraka, wanacheka kwa lugha yao, na yeye hucheka nao bila kujua wanacheka nini. Kuna siku hupita hakuna aliyelitaja jina lake. Alianza kwenda kumtazama mtoto kwa sababu mtoto akimwona hufurahi.

"Mimi ndiye niliyekutoa kwenu," akasema. "Ningekuambiaje kwamba hata mimi nimeshindwa?"

Ikabaki zamu yangu. Nilikuwa nazikodolea macho biskuti.

"Stelios, hakuna Saskia."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Ulisema alipita tu. Mke wangu, tangu lini mtu wa huku akapita tu?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, kama Saskia. Halafu sijui kilitokea nini katikati, nikawa nalia, naye analia, na hakuna aliyetoka kwenda bafuni.

"Mbona hukuniumbua?" nikamuuliza.

"Nilimpenda Saskia. Nilitamani awepo."

Jumanne tulimpeleka mtoto pamoja. Nilimwomba Mieke radhi kwa matusi yote, akasema yale ya Kiholanzi niliyatamka vibaya. Saa ya usingizi ilipofika, komeo la kibanda nililifunga mwenyewe.

Sitawadanganya kwamba upweke umeisha. Mvua bado ipo, majirani bado wananisalimia kwa kidevu, na Machi bado iko mbali. Ila sasa Stelios akiniuliza siku ilikuwaje, namwambia ilikuwa mbaya ikiwa ilikuwa mbaya. Naye ananiambia yake. Tunalala tumechoka, lakini tumelala chumba kimoja.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mlio ugenini na wenza wenu, acheni kuchezeana maigizo ya furaha ili mwenzio asiumie. Anaumia tayari, tena peke yake, chumba cha pili. Siku ile bustanini mwanangu alikuwa na joto lake kamili. Aliyekuwa anaganda ni mimi, na aliyekuwa anaganda ni baba yake, na kila mmoja alikuwa anamfunika mtoto.

Kopo tulimrudishia Mieke. Akachungulia ndani.

"Mmemaliza zote?" akasema. "Huku watu hula moja."

Kisha akaenda stoo, akarudi na kiti cha pili.